Somo: Namna ya kuisoma singe ya Kiingereza ya 1907 kabla hujatoa pesa

Wadau, anayeanza kukusanya singe za kale (visu vya kuchomeka mbele ya mtutu wa bunduki) huuliza bei kwanza. Aulize chapa, yaani alama zilizogongwa kwenye chuma. Tuichukue singe ya 1907, ile ya bunduki ya Lee-Enfield, maana Waingereza walipigana nayo vita vya 1914 hadi 1918.

Hatua ya 1. Pima bapa, yaani chuma chenyewe cha kisu bila mpini. La asili lina inchi 17, karibu sentimita 43. Likipungua, limekatwa. Tazama mfereji ubavuni: kwenye bapa zima huishia mbali na ncha, kwenye lililokatwa hukaribia ncha au hutokeza kabisa.

Hatua ya 2. Hapa usiwe na haraka. Shika taa, soma chuma karibu na mpini. Upande mmoja utaona taji, herufi za mfalme (ER ni Edward wa Saba, GR ni George wa Tano), kisha 1907. Huo ni mwaka wa muundo, si wa kutengenezwa, na wauzaji wengi huwadanganya wageni hapo hapo. Tarehe yenyewe iko chini: 5 '17 ni Mei 1917, pamoja na jina la kiwanda, kama Wilkinson au Sanderson. Upande wa pili kuna mshale, alama ya mali ya serikali, na X kuonyesha bapa lilijaribiwa kwa kupindwa.

Hatua ya 3. Linganisha tarehe na umbo. Singe za mwanzo zilikuwa na kulabu kwenye kikingio cha mkono. Iliondolewa mwaka 1913, na nyingi zikakatwa kulabu zao. Zilizobaki nayo ni ghali, kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa. Kulabu juu ya singe ya 1917? Rudisha, ondoka.

Hatua ya 4. Ukiisafisha, kitambaa laini na mafuta mepesi, basi. Msasa na mashine ya kusaga vinafuta chapa, na singe isiyo na chapa haina historia tena. Inaniuma sana kuona zilizong'arishwa kama vijiko.

MASWALI

Mkuu, yangu ina GR lakini ni inchi 12. Nimepigwa?
Si lazima. India ilizifupisha nyingi wakati wa Vita vya Pili. Tafuta chapa za Kihindi kabla ya kuitupa.

Tundu dogo kwenye kichwa cha mpini ni la nini?
La kutolea uchafu. Lilianza 1916, za zamani zilitobolewa baadaye zilipofanyiwa matengenezo. Ya zamani isiyo na tundu, itunze.

Mwalimu, niihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi?
Hapana. Ngozi hushika unyevu na bapa hupata kutu, hasa huku pwani. Weka kando kwa kando.

Nimeona moja imechomoza ardhini upande wa Taveta, Kenya, nichimbe?
Usichimbe, mdogo wangu. Ule ulikuwa uwanja wa vita, na risasi na mabomu ya zamani bado yanaweza kuua. Piga picha, weka alama ya mahali, uwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.