"Pick up": usiikariri, angalia kinachofuata

Binamu yangu aendesha tuktuk, asimama pale feri ya Likoni, Mombasa, upande wa mjini. Juzi mgeni kamtumia meseji, "Please pick up", binamu kashuka mbio anazunguka kutafuta mzigo wa kuinua, na huku simu yalia mfukoni. Mgeni alikuwa ataka simu ishikwe tu. Alichoka kungoja akapanda tuktuk nyengine, na iliniuma kwa sababu kijana ni mchapakazi na Kiingereza chake si kibaya, ila shuleni alifundishwa maana moja tu, kuokota.

Kwanza acha kutafuta neno moja la Kiswahili la kuifunga hiyo "pick up", hutalipata. Fikiria sisi na "piga". Twapiga simu, twapiga pasi, twapiga deki, mtu apiga mbizi, apiga chafya, na hakuna anayechapwa hapo. Hatupotei kwa sababu masikio yetu yangoja neno la pili, basi hii nayo ifanye hivo hivo, uliza ni nani na anafanyia nini.

Ikifuatwa na kitu cha kushika mkononi ni kuokota au kuinua. Ikifuatwa na mtu ni kumfuata mahali umchukue, kama abiria wa treni pale Miritini au wa ndege kule Moi International, lakini ukisikia "the police picked him up" basi huyo kakamatwa, hakupewa lifti. Simu ni kushika, vile vile tusemavyo. Bili ni kulipa, mgeni akisema "I'll pick up the bill" usitoe pesa yako. Lugha ni kuidaka kwa kusikia bila darasa, na hii ndo naipenda zaidi maana ndo maisha ya pwani kabisa, vijana wa Diani wanavyoongea Kijerumani na wa Malindi Kiitaliano, wengi hawakukaa darasani, "they picked it up" kwa wageni. Ugonjwa nao waingia hapa, mtu "picks up" mafua, yaani kaambukizwa.

Sasa angalia pale isipofuatwa na kitu, na si habari ya simu. Hapo mara nyingi maana yake kitu chaongezeka au chachangamka. "The wind is picking up", upepo waanza kukaza, kama kusi likishika kasi. "Business has picked up", biashara imechangamka, na hiyo utaisikia sana Disemba wageni wakijaa mahoteli.

Kuna jambo moja watu wengi hukosea hata waliosoma sana. Kama ni mimi, wewe, yeye, hicho, lazima kikae katikati: "pick me up", "pick it up". Usiseme "pick up me" kamwe. Ukitaka kukumbuka sema "ntakuchukua" polepole, ile "ku" iko wapi? Katikati. "I'll pick you up", na "you" iko katikati vile vile. Ukitaja jina la kitu chenyewe uko huru, "pick up the bag" na "pick the bag up" zote sawa.

Alafu masikio. Mzungu hatamki neno moja moja, aunganisha, kwa hivo "picked up" utasikia piktap, "pick it up" ni pikitap, na "pick him up" yaweza kuwa pikimap. Zirudie kwa sauti ukiwa foleni ya feri, ulimi utazoea. Na akisema kwa kukaza mwanzo, PIK-ap, huenda ataja gari, ile pikapu yetu ya kubeba mizigo, au safari yenyewe ya kumfuata mtu. Kitendo hukazwa mwisho.

Mimi na binamu tumekaa tukaichambua meseji hii, nawe jaribu: "Can you pick us up at four? The wind is picking up and my son has picked up a cold." Ya kwanza, njoo utuchukue saa kumi. Ya pili, upepo wazidi. Ya tatu, mtoto kapata mafua. Hapo binamu kaniambia, "basi ntashusha yale maturubai ya tuktuk kabla sijaenda", nikajua ameielewa.