Wimbo wa filamu ya katuni kwa kwaya ya watoto: tafuta Do yao kwanza

Wimbo wa filamu ya katuni huingia kichwani mwa mtoto haraka sana, na shida ya mwalimu wa kwaya inaanzia hapo hapo. Mtoto anaujua tayari, lakini anaujua kwa sauti ya mtu mzima aliyesomea kuimba na mwenye okestra nyuma yake. Ukimwekea rekodi kwenye spika ukamwambia afuatishe, atapiga kelele kwenye noti za juu na kupotea kwenye za chini. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye watoto 25 hadi 35 wa darasa la pili hadi la saba, kinanda kimoja, ngoma moja au mbili, kayamba, na wiki sita kabla ya mahafali au siku ya wazazi. Shule na sharika nyingi za Moshi na Arusha zina vifaa hivyo, na vinatosha.

Kuchagua wimbo

Sikiliza wimbo ule kama ulivyo ndani ya filamu, siyo ule unaopigwa mwishoni majina yanapopita. Filamu nyingi zina matoleo yote mawili. Katika Beauty and the Beast ya 1991, wimbo wenye jina la filamu unaimbwa ndani ya hadithi na Angela Lansbury, taratibu, karibu na kuongea. Mwishoni unarudi kwa Celine Dion na Peabo Bryson, wakiwa na madoido mengi ya sauti. Watoto wataiga madoido hayo na kuacha wimbo wenyewe. Wape la Lansbury.

Ogopa pia nyimbo zilizoandikwa kwa waimbaji wa pekee. Adriana Caselotti, aliyeimba sehemu ya Snow White mwaka 1937, alikuwa na mafunzo ya opera, na sauti yake inakaa juu muda wote. Cliff Edwards, katika wimbo mkuu wa Pinocchio wa 1940, anamalizia kwa sauti nyembamba ya kichwani ambayo mtoto akiilazimisha atabana koo. Wimbo huo huo unaanza kwa kuruka oktavu nzima kati ya noti ya kwanza na ya pili. Unaweza kuuimba, ila mruko ule uufundishe peke yake kwa siku mbili kabla ya kugusa noti nyingine yoyote: so ya chini, so ya juu, polepole, kwa silabi "nu". Ukiuacha ujifundishe wenyewe, watoto watateleza kama wanaopanda ngazi na hawatafika.

Upana wa sauti na Do

Hapa usiharakishe. Do ni noti ya nyumbani ambayo wimbo mzima unajengwa juu yake, na kazi ya wiki nzima inaweza kuharibika ikiwekwa vibaya.

Andika noti ya chini kabisa ya wimbo na ya juu kabisa, kwa solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti). Watoto wa miaka 7 hadi 10 wanaimba kwa raha kuanzia C ya kati ya kinanda hadi D ya oktavu inayofuata. Wa miaka 11 hadi 13 wanaweza kushuka hadi A iliyo chini ya C ya kati na kupanda hadi E. Sasa linganisha. Wimbo unaotoka so ya chini hadi so ya juu ni oktavu moja tu: ukisema Do ni F, so ya chini inaangukia C ya kati na so ya juu inaangukia C ya juu. Umepata. Lakini kama wimbo unagusa pia do ya juu, hiyo inakuwa F ya juu, na darasa la tatu watapiga ukelele badala ya kuimba. Ukishusha Do iwe D, do ya juu inakuwa D, salama, ila so ya chini sasa ni A iliyo chini ya C ya kati, na wadogo watanong'ona tu. Dawa ni kugawa: weka Do ni D, mstari wa chini upewe sauti ya pili yenye wakubwa, wadogo waingie wimbo unapopanda. Mgawanyo wa 18 sauti ya kwanza na 12 sauti ya pili unakaa vizuri kwa kwaya ya watoto 30.

Kitufe cha kubadili Do kwenye kinanda kinasaidia, lakini kiandike kwenye karatasi kimewekwa ngapi. Mpiga kinanda akikizima na kukiwasha, kinarudi sifuri, na kwaya itaanza juu ya uwezo wake mbele ya wazazi.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya mlimani inapokaza koo, fanya mazoezi nusu toni chini kwa dakika kumi za kwanza. Usiwapandishe kabla hawajapata joto.

Maneno ya Kiswahili

Walimu wengi wanatafsiri kwa kuhesabu silabi. Mstari una noti saba, nao wanatafuta maneno yenye silabi saba. Hesabu inatimia, lakini wimbo unasikika kama umeandikwa na mgeni. Sababu ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, wakati mistari mingi ya nyimbo hizi iliandikwa kwa Kiingereza, na inamalizikia kwenye neno fupi lenye silabi moja nzito, juu ya noti ndefu, kwenye pigo la kwanza. Ukilibandika neno letu hapo, silabi yetu nyepesi ya mwisho ndiyo inayopigwa nyundo.

Mfano wa kubuni. Tuseme mstari una noti tano fupi za nusu pigo, d d r m f, kisha s ndefu ya mapigo mawili, na s hiyo inaangukia pigo la kwanza. Noti sita. Ukiweka "Kibo kimeng'aa", silabi ni sita: Ki-bo-ki-me-ng'a-a. Imbeni, msikie: "kimeng'a-AA". Hakuna anayeongea hivyo Moshi wala pengine. Sasa ikate ile s ndefu iwe mbili za pigo moja moja. Silabi "ng'a" ikae pigo la kwanza, "a" pigo la pili. Zimebaki noti tano za mwanzo na silabi nne, basi ongeza "na": "Na Kibo ki-me | ng'a-a". Mkazo umeingia kwenye pigo lake, na hata "Ki" ya Kibo sasa imeangukia pigo la tatu, lenye nguvu kidogo, kama inavyostahili. Tuni haijabadilika hata noti moja.

Kanuni ya kazi basi ni hii: tia alama ya mkazo kwenye kila neno kabla ya kuliweka kwenye noti, na noti ndefu ya mwisho wa mstari ihesabiwe kuwa nyumba ya silabi mbili.

Jambo la pili ni "m" na "n" zinazosimama peke yake. Katika "mtoto", "mlima" na "nchi", herufi hiyo ni silabi kamili na inahitaji noti yake. Ipe noti fupi, ya katikati au ya chini. Ukiiweka kwenye noti ndefu ya juu, watoto watafunga midomo na kuguna, na sauti ya kwaya nzima itapotea kwa mapigo mawili. Kwenye noti ya juu kabisa ya wimbo tafuta "a" au "o". Irabu "i" ikiwa juu hubana.

Usitafsiri kilicho chetu tayari, wala usidhani kila cha Kiafrika ni cha kwetu. The Lion King ya 1994 ina majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki, lakini mwito unaofungua filamu ni wa Kizulu, na sauti ile ni ya Lebo M wa Afrika Kusini. Neno "ingonyama" ndani yake husomwa kwa "ng" ya ngoma, siyo ya ng'ombe. Na kwenye "hakuna matata", watoto waliolikariri kutoka kwenye filamu huleta "matara" au "matada" ya Kimarekani. Warudishe kwenye "t" ya nyumbani. Kwa mkazo, maneno hayo mawili yamekaa barabara, ha-KU-na ma-TA-ta, na ni mfano mzuri wa kuwaonyesha watoto wakubwa jinsi Kiswahili kinavyotembea kwenye tuni.

Mwendo na pumzi

Zima sauti ya filamu, tazama mhusika akitembea, gonga meza kila mguu unapogusa chini. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mara nyingi utapata mwendo wa wimbo wenyewe, kwa sababu wachoraji wa zamani walipanga picha na muziki kwa pamoja. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde, yaani 1440 kwa dakika. Hatua moja ikichukua picha 12, ni mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa gwaride. Picha 16 ni mapigo 90, picha 18 ni 80. Wimbo wa vijeba wakitoka mgodini, kwenye filamu ile ya 1937, ufundishwe hivi, watoto wakiwa wamesimama na kutembea papo hapo. Wakikaa kwenye madawati unalala.

Usianze na mwendo kamili. Kama lengo ni 96, anza na 72 na upandishe 4 kila maneno yanaposikika wazi. Programu ya simu ya kupiga mapigo inatosha. Kuna mtego hapa: mstari wa mapigo 8 kwenye 72 unachukua karibu sekunde 7, kwenye 96 ni sekunde 5. Polepole, wadogo wataishiwa pumzi na kukata katikati ya neno, kisha watakariri mkato huo. Kwa hiyo kwenye mazoezi ya polepole weka alama ya pumzi ya muda, baada ya neno kamili, kwa penseli. Mkifika 88 ifute, na uwaambie waziwazi kwamba imefutwa.

Kwaya ikishuka tuni kidogo kidogo, tazama noti zinazorudiwa na zile zinazoshuka. Watoto hukosea zaidi kwenye mi na ti. Waambie waiwazie noti inayorudiwa kuwa inapanda, wainue nyusi, na washike mstari huo bila kinanda mara tatu.

Muziki wa nyuma

Nusu ya uzuri wa filamu hizi haimo kwenye maneno. Hans Zimmer alipata Oscar kwa muziki wa nyuma wa The Lion King, mbali na ile ya wimbo wa Elton John na Tim Rice. Ujanja wa watunzi ni kurudisha tuni ya wimbo bila maneno, pengine polepole, pengine kwa chombo kimoja, na mtazamaji anakumbuka. Kwaya yako inaweza kufanya hivyo hivyo: mistari miwili ya kiitikio kwa "lu", nusu ya mwendo, kinanda kikishika do na so tu, kabla ya ubeti wa kwanza. Inawapa watoto noti na kunyamazisha ukumbi kwa wakati mmoja.

Usijaribu kuiga okestra nzima kwa vitufe vya kinanda. Sauti ya "nyuzi" ikishikwa mfululizo kwenye spika ya shule hufunika herufi zote. Chagua sauti ya piano. Kayamba ishike mapigo madogo, ngoma ipige pigo la kwanza na la tatu, na ubeti wa kwanza ngoma inyamaze kabisa. Ikiingia kwenye kiitikio, ukumbi utaisikia.

Siku yenyewe

Mkitumia muziki uliorekodiwa, unganisha simu na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na mwalimu anayeongoza kwa kuangalia simu atakuwa mbele ya spika bila kujua. Maiki mbili kwenye stendi, mita moja mbele ya mstari wa kwanza, usawa wa nyuso za mstari wa pili, zinashinda maiki moja inayopitishwa mkononi. Spika zikae mbele ya maiki, zikitazama wazazi. Zikiwa nyuma ya watoto zitapiga mluzi. Chini ya paa la bati, usipange onyesho Aprili: mvua ya masika ikishuka, hakuna mtoto atakayesikika.

Onyesho la viingilio, au la kurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, linahitaji kibali. Nyimbo hizi zina wenyewe, na tafsiri yako ya Kiswahili nayo inahitaji ruhusa yao. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mapema, siyo wiki ya mwisho.

Na umeme ukikatika katikati ya ubeti, ngoma ndiyo inayoendelea. Fanyeni zoezi hilo mara tatu kwenye mazoezi: mtu azime swichi bila kutangaza, mpiga ngoma aingie pigo linalofuata, kwaya isisimame. Mtoto mmoja wa sauti ya pili awe na kinanda kidogo cha betri au simu yenye programu ya noti, kwa ajili ya wimbo unaofuata. Apige do na so tu, kisha anyamaze.