Kuisoma sarafu kongwe mnadani kabla hujapandisha dau

Mwezi uliopita kijana wa jirani hapa Mikindani alikuja mbio na simu mkononi. Kaiona pesa, ile sarafu ndogo ya shaba ya Mjerumani, kwenye mnada wa mtandaoni, muuzaji yuko Ulaya, zimebaki dakika 40. "Mzee, nipandishe?" Nikavaa miwani. Upande mmoja tai na mwaka 1891. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu na tarakimu ١٣٠٧. "Hebu nisomee hiyo namba." Akasoma, 1307. Huyu kakaa chuo cha Kurani tangu ana miaka sita, hakosei tarakimu. Lakini pesa ya 1891 hubeba mwaka wa Hijria 1308. Ya 1890 ndiyo yenye 1307, na ya 1892 ina 1309. Aliyeitengeneza ile kaunganisha nyuso za sarafu mbili, na pengine hakujua kwamba yale mapambo ni namba.

Nimenunua na kuuza sarafu kongwe miaka mingi, na nimeliwa pia, nitaeleza. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Funika maelezo

Weka kidole juu ya maneno ya muuzaji, angalia picha tu. Andika kwenye karatasi unachokiona: rangi ya madini, picha, kila herufi, mwaka, herufi ndogo za kiwanda, tundu kama lipo. Kisha fungua katalogi. Numista ipo mtandaoni na kuitazama ni bure. Linganisha karatasi yako na katalogi. Ukimaliza, ndipo usome muuzaji kasema nini. Ukianza na maneno yake, macho yako yatakwenda kutafuta anachotaka ukione.

Hatua ya 2: Zijue sarafu zilizotembea kwetu

Huku Kusini zinazopatikana sana ni za Mjerumani. Kampuni yake, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ilitoa pesa za shaba 1890 hadi 1892, na rupia za fedha zenye Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu, nyuma simba na mti mfano wa mnazi. Pesa 64 zilifanya rupia 1. Kuanzia 1904 sarafu zilitolewa kwa jina la Deutsch Ostafrika, rupia ikagawanywa kwa heller 100, na utakuta herufi A ya Berlin au J ya Hamburg. Kwa hiyo mtu akikuuzia "heller ya 1895", mwache amalizie hadithi yake peke yake.

Za Tabora za 1916 ni ukoo wa peke yake. Vita vilikuwa vimekata njia ya bahari, zikapigwa hukohuko Tabora, na zina herufi T. Heller 20 za Tabora ni mbaya kwa sura: zimepinda, herufi zimefifia, nyingine shaba nyekundu, nyingine shaba ya njano. Wageni wengi huziona feki kwa ubaya wake. Mimi nikiiona ya Tabora iliyonyooka na kung'aa kama kifungo cha sare ndiyo naingiwa na wasiwasi.

Baada ya hapo zinakuja senti na shilingi za Afrika Mashariki za Mwingereza, halafu zetu za 1966 zenye Mwalimu Nyerere. Nitazigusa mbele.

Hatua ya 3: Omba picha ikiwa juu ya mzani

Mtu wa Kusini aliyewahi kuona kangomba ya korosho, ule ununuzi wa magendo kwa vipimo visivyo halali, hahitaji kufundishwa kwamba kipimo ndicho kinachomlia mtu. Mwandikie muuzaji kwa adabu akutumie picha ya sarafu juu ya mzani wa kidijitali, namba zisomeke. Mwenye mali ya kweli hutuma. Mwingine atasema hana mzani, na huyohuyo ameweka sarafu 60 za fedha mnadani.

Namba za kukariri ni chache. Pesa ya shaba ni gramu 6.5 hivi. Rupia 1 ni gramu 11.66, kipenyo milimita 30, fedha ya 917 kwa 1000. Rupia 2, za 1893 na 1894, ni gramu 23.32 na milimita 35. Dhahabu ya Tabora ya rupia 15, ile yenye ndovu mbele ya mlima, ni gramu 7.168 na dhahabu yake ni ya 750. Hii ya mwisho haifichiki: dhahabu ni nzito mno, hivyo shaba ya njano iliyopakwa rangi, kwa umbo lilelile, haifiki hata gramu 4 na nusu. Wakitaka kuongeza uzani lazima wainenepeshe, na unene unaonekana ukiomba picha ya ukingo.

Sarafu iliyotumika hupungua kidogo. Kidogo! Niliwahi kununua rupia 2 ya 1894 bila kuomba picha ya mzani, kwa sababu muuzaji alikuwa na sifa nzuri na mimi nilikuwa na haraka. Ilipofika nikaipeleka kwa sonara, mzani ukasoma 19.4. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba imelika kwa kutumika sana. Nikaitazama tena kwa lenzi: ncha za masharubu ya Kaisari zimesimama, unaweza karibu kuzihesabu. Gramu nne za fedha zikilika, masharubu hayabaki, na pua pia inaondoka.

Hatua ya 4: Kuza picha, tazama ngozi ya sarafu

Sarafu ya kweli imegongwa kwa muhuri wa chuma. Feki nyingi zimesubiwa, yaani madini yamemiminwa kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa kubonyeza sarafu halisi. Tofauti iko hapa:

Herufi iliyogongwa husimama wima kutoka kwenye uwanja wa sarafu, pembe zake kali. Iliyosubiwa inateleza, kama maandishi ya kwenye kipande cha sabuni kilichofuliwa mara mbili. Uwanja wa iliyosubiwa una vijitundu vidogo vya hewa, hasa pembeni mwa herufi. Kwenye pesa za Mjerumani mimi hukimbilia ile nukta ya sifuri katika mwaka wa Hijria. Ni ndogo, na kalibu mbovu huimeza. Nimeona "pesa" zenye mwaka ١٣٧, yaani 137, na wauzaji hawana habari. Ukingoni tafuta mstari uliozunguka katikati, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, kisha mtu akapitisha tupa kuufuta.

Halafu kuna mkwaruzo. Kalibu hunakili kila kitu, pamoja na kovu la sarafu mama. Kwa hiyo ukiona mkwaruzo juu ya jicho la simba, tafuta sarafu nyingine za aina hiyo zinazouzwa au zilizokwisha kuuzwa. Ukikuta mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwenye sarafu mbili, hakuna cha kujadili.

Rangi isikusumbue sana. Hewa ya chumvi ya huku hufanya shaba iote kutu ya kijani, ni kawaida. Shaba ya miaka 130 yenye rangi ya waridi imeoshwa, pengine kwa ndimu na majivu kama bibi alivyokuwa akisugua masufuria. Si feki, lakini bei yake hushuka sana, na muuzaji akiandika "haijawahi kutumika" anakudanganya.

Hatua ya 5: Sasa ondoa kidole, soma maneno

Hapa ndipo wengi huliwa, kwa sarafu iliyo halali kabisa. Mfano ninaoupenda ni senti 10 yenye tundu ya 1936, pembe za ndovu zimezunguka. Ina jina la Edward VIII, mfalme aliyeacha kiti mwaka huohuo. Muuzaji anaandika "adimu sana, mfalme aliyejiuzulu". Sarafu za Uingereza kwenyewe zenye sura yake ni adimu kweli, lakini hizi za kwetu zilipigwa kwa mamilioni, na kwenye makopo ya vifungo huku Mtwara zimejaa. Jina ni la kweli, mwaka ni wa kweli, uadimu ndio wa kubuni.

Ndugu yake ni shilingi ya 1966 yenye mwenge wa Uhuru, ambayo kila mwaka inazuka kwenye simu zetu kwamba kuna mzungu anainunua kwa mamilioni. Nayo ilipigwa kwa mamilioni. Usiangalie bei inayoombwa, maana kuomba ni bure. Chuja matokeo yaonyeshe minada iliyokwisha kufungwa, uone watu wamelipa nini hasa.

Na "sarafu ya Kilwa". Sarafu za masultani wa Kilwa ni vijishaba vidogo vyenye maandishi ya Kiarabu, na havina mwaka. Mara nyingi kinachowekwa mnadani kwa jina hilo ni pesa ya Unguja ya Sultani Barghash: ukiona mizani upande mmoja na 1299 ya Hijria, ni hiyo, ya 1882. Ikiwa ni ya Kilwa kweli, tabu ni kubwa zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunataka kibali. Mimi siziuzi wala sizinunui, hata anayeleta akiwa mvuvi wa Kilwa Kisiwani ninayemfahamu.

Hatua ya 6: Mchunguze muuzaji, lakini haraka

Tafuta picha ya sarafu anayouza mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe. Nyingi zimeibwa kutoka minada ya zamani. Tazama orodha ya waliopandisha dau: mmoja asiye na historia, anayepandisha vitu vya muuzaji huyohuyo tu na hashindi hata siku moja, ni mtu wa nyumbani. Sarafu ikiwa ndani ya kasha la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzifungia, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni hiyo na ulinganishe sarafu yenyewe, maana makasha nayo yanaigwa. Dau la kuanzia dogo halina neno. Dhahabu ya Tabora yenye bei ya moja kwa moja iliyo chini ya thamani ya dhahabu yake, gramu 5.376 safi, hiyo ina neno.

Hatua ya 7: Siku mzigo unafika

Piga video unapofungua bahasha. Pima uzani. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani wenye desimali mbili, urudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Rupia ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13. Gawanya uzani kwa namba hiyo, unapata 10.3, ndiyo fedha yenyewe. Ikisoma 1.31 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli uliofanywa mnene ili mzani wa kwanza ukubali. Sumaku tumia pia, ila kumbuka hukamata madini machache tu, hasa chuma. Shaba itakuachia kimya.

Ikiwa mbaya, andika siku hiyohiyo, mistari mitatu, uambatanishe picha: maelezo yako yanasema gramu 23.32, mzani unasema 19.4, naomba kurudisha. Neno mwizi usiliandike. Mimi kwa ile rupia 2 niliandika kurasa mbili za hasira, tukajibizana wiki tatu, na siku za kurudisha mali zikapita tukiwa bado tunabishana kuhusu masharubu.