Kutia nakshi kwenye plafoni kwa mastiki na rulo

Vipimo hivi ni vya chumba cha mita 3 kwa 4, plafoni ya jipsi au triplexi. Tafuta mastiki ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa, kilo 20 hivi (kila mita mraba inakula kilo 1 hadi 1.5), rulo ya manyoya marefu yenye mti, spatula ya sentimita 30, msasa na nailoni ya kutandika. Chukua mastiki, si platri. Platri inaganda ndani ya ndoo kwa robo saa tu. Mastiki inakauka kwa hewa, kwa hiyo ukikosea unafuta na kurudia.

1. Zima umeme, toa taa, tandika nailoni.

2. Pima plafoni yenyewe. Kazi nyingi za Goma zinaharibikia hapa, kisha mastiki ndiyo inalaumiwa. Lowesha kiganja, sugua plafoni. Kiganja kikitoka cheupe, hiyo ni chokaa: mastiki mbichi itaibandua, na muda si mrefu vipande vitaning'inia. Paruza chokaa yote, osha kwa sifongo, acha ikauke kabisa.

Alama za kahawia ni maji ya mvua. Ziba bati kwanza, halafu paka alama rangi ya mafuta. Rangi ya maji haizuii. Doa linapenya hata ukipaka mara tatu. Triplexi ipake rangi ya mafuta yote nzima, la sivyo itakunywa maji ya mastiki, ivimbe, itoe rangi ya mti.

Kisha viungo. Kwenye jipsi, bandika utepe wa wavu na upake mastiki nzito mara mbili, ukiacha ya kwanza ikauke. Nakshi haifichi ufa. Mji ulitikisika siku kadhaa baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, na nyufa zilizozibwa juujuu hufunguka palepale. Triplexi ni kesi nyingine: mti unapanuka masika na kunywea kiangazi, hakuna utepe utakaoushika. Tia nakshi ndani ya kila kipande, bageti (vipande vyembamba vya mti) za viungo ziache wazi. Inapendeza pia.

Ukikuta mbao ngumu za kijivu za eterniti katika nyumba ya zamani, usizipige msasa wala kuzitoboa. Huenda zina amianti, na vumbi lake linaua mapafu. Achana na nakshi hapo.

3. Changanya. Kwa kilo 10 za mastiki anza na nusu lita ya maji, ongeza kidogo kidogo hadi iwe kama uji mzito unaoanguka polepole kutoka kwenye mwiko. Ikiwa nyepesi, vilele vinavyoachwa na rulo vinalala vyenyewe. Ikiwa nzito, rulo inateleza bila kuacha kitu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha triplexi ulichokiinua juu ya kichwa, si kilicholala mezani.

4. Paka kwa ukanda wa mita moja, kutoka ukuta hadi ukuta, na kila ukanda uuingie ule uliotangulia ukiwa bado mbichi. Funga madirisha wakati huu, maana upepo wa ziwani unakausha ukingo na mstari utaonekana milele. Watu wawili ni bora: mmoja anapaka, mwingine anafuata na spatula.

5. Laza vilele mng'ao wa maji ukishapotea, kwa kawaida dakika 10 hadi 20. Shika spatula karibu ilale, pitisha mara moja, futa, endelea. Ikivuta mastiki, umewahi mno.

6. Fungua madirisha. Juni hadi Agosti siku moja inatosha. Wakati wa mvua subiri mbili au tatu, hadi weupe uwe sawa kila mahali. Koti la kwanza la rangi ya maji liwe jepesi, upake bila kurudiarudia, maana mastiki tupu inalainika tena.

Jikoni mnakopikia makala (mkaa), nakshi usiitie kabisa: masizi yanakaa kwenye mashimo na kitambaa hakiyafikii. Huko paka rangi ya mafuta, laini.