Umetundika daluga, unataka filimbi: namna ya kuanza ukocha Dar es Salaam

Anayestaafu anaujua mpira kwa miguu. Ukocha unamtaka aujue kwa macho na kwa mdomo, na hapo ndipo mastaa wengi wanakwama. Beki aliyecheza miaka kumi anaweza kushindwa kumweleza kijana wa miaka 14 kwa nini amepitwa, maana mwili wake yeye ulikuwa unageuka kabla hajafikiri.

Kwa hiyo anza ukiwa bado unacheza. Nunua daftari. Kila baada ya mazoezi andika zoezi lilikuwa lipi, eneo lilikuwa na hatua ngapi, lilichukua dakika ngapi, na mwalimu alisimamisha mchezo kwa sababu gani. Baadaye litakufaa kuliko picha zako za magazetini.

Leseni za ukocha za CAF (Shirikisho la Soka Afrika) zinapanda hivi: D, C, B, A, kisha Pro. Kozi hupitia TFF (shirikisho la soka la Tanzania), na mahali pa kuanza kuulizia ni chama cha soka cha wilaya yako, iwe Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Jina kubwa halitoshi: kwenye mashindano ya klabu ya CAF kocha mkuu anatakiwa awe na A au inayolingana nayo, hata kama jukwaa zima linaimba jina lako. Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba, lakini alipita klabu za Lipuli na Polisi Tanzania kabla ya kurudi Msimbazi kama kocha msaidizi.

Wakati unasubiri kozi, chukua watoto wa mtaani kwako. Kwa watoto 16 unahitaji mipira minane, koni 20 (chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha), bipsi (vizibao vya kutofautisha timu) za rangi mbili, filimbi na saa. Miaka 9 hadi 12 watumie mpira namba 4, kuanzia 13 namba 5. Usiujaze upepo mpaka ulie kama ngoma. Viwanja vyetu ni vigumu, mpira ukijaa sana unadunda hadi magotini, halafu unamlaumu mtoto kwamba hajui kutuliza. Ubonyeze kwa dole gumba: unatakiwa uingie kidogo.

Anza saa 10 jioni, dakika 75. Kumi za kupasha misuli na mpira mguuni, 15 za wanne nje wawili kati (wa nje wanapasiana, wa kati wanajaribu kukata), 20 za watano kwa watano, 25 za mechi, tano za kupoa. Maji kila baada ya dakika 20 au chini ya hapo, hasa Desemba hadi Machi, joto la Dar linapokuwa halina adabu.

Hilo zoezi la wanne nje wawili kati ndilo litakalokuonyesha kama unafaa. Pima mraba wa hatua 10 kwa 10. Pasi zikikatika kabla ya kufika tatu, usipige kelele, panua hadi 12. Wa kati wakikimbia tu bila kugusa mpira, punguza hadi nane. Koni zinafundisha kuliko koo.

Kisha angalia mguu unaopokea. Mtoto akipokea kwa mguu ulio karibu na mpira, mwili wake unabaki umemtazama aliyempa, na nusu ya uwanja iko mgongoni. Atarudisha pasi kulekule kila mara. Sema "simama hapo hapo!", muulize, "Umemwona nani kabla mpira haujafika?" Mgeuze bega, apokee kwa mguu wa mbali, mchezo uendelee. Yote hayo yasizidi sekunde 20. Ukisimamisha kila pasi, watoto wanaacha kucheza na kuanza kukusubiri wewe.

Kosa kubwa la waliokuwa mastaa ni kuingia kucheza. Watoto watakushangilia ukipiga chenga, ila ukiwa na mpira huoni chochote. La pili ni kufundisha namba yako tu: aliyekuwa winga ana mawinga wazuri na mabeki yatima. La tatu ni kuwaadhibu kwa mizunguko ya uwanja, wakishazoea kuchukia kukimbia ndiyo basi tena.

Mwombe mtu akurekodi kwa simu dakika kumi, ukiwa umesimama kwenye kona, si katikati. Sikiliza sauti yako. "Kaza!" na "amka!" si maelekezo. "Mkabe anayetoka kushoto" ni maelekezo.

Ajira ya kwanza ya maana kwa kawaida ni usaidizi. Mkataba uwe wa maandishi: mshahara, tarehe ya kulipwa, malipo ukivunjwa kabla ya muda, na nani anagharamia kozi yako inayofuata. Na kabla hujasaini, waulize viongozi wazi: siku ya mechi, kikosi kinapangwa na nani?