Dirisha la Rubani Likifunguka Ndege Ikiwa Mbioni

Uwanja wa ndege wa Manda mwezi wa Februari hauna huruma. Abiria wa Lamu wanakuja kwa boti, mizigo inapandishwa kutoka gatini, na muda wote huo marubani wamekaa nyuma ya vioo, jua likiwachoma. Dirisha la ubavuni litafunguliwa tu, na si kosa. Kosa huja wakati wa kulifunga, mkono mmoja ukiwa kwenye karatasi za mizigo na sikio kwenye redio. Dirisha likifunguka baada ya hapo, kwanza shuku kwamba halikufungwa barabara, ndipo ufikirie uharibifu.

Tuanze na ndege kubwa, mfano Boeing 737, ambazo rubani wa Pwani kwa kawaida huzikuta Mombasa. Dirisha lake la pili kutoka mbele huingia ndani kidogo, kisha hutelezeshwa nyuma. Ndege ikishapanda juu, presha ya kabini, yaani hewa inayosukumizwa ndani ili watu wapumue, inalikandamiza kwenye fremu. Kwenye futi 35,000 tofauti ya presha kati ya ndani na nje ni karibu kilopaskali 55. Kioo cha nusu mita kwa nusu mita basi kinasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa tani 1.4, na hakuna mkono wa kukivuta. Wakati wa kuliangalia ni ndege inapokimbia kwenye runwei, yaani njia ya kurukia, na dakika chache baada ya kupaa, presha ikiwa bado ndogo.

Kioo cha mbele ni habari nyingine. Juni 1990, ndege ya BAC One-Eleven iliyotoka Birmingham ilipoteza kioo cha mbele ikiwa futi 17,300, na kapteni akavutwa nje nusu mwili. Kioo kile kilifungwa kutokea nje, kwa hiyo presha ilikuwa ikikisukuma kitoke, na boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kapteni alipona, na rubani msaidizi akaitua ndege Southampton. Wengi wakisikia "dirisha limefunguka" hukumbuka kisa hicho, kumbe hakifanani na hili tunalolieleza.

Kulifunga dirisha la ubavuni la 737: achia kwanza kufuli linaloshika dirisha likiwa wazi, litelezeshe mbele hadi mwisho, kisha zungusha mpini mpaka ujifunge. Usiridhike na mlio. Tazama kibandiko kinachosema dirisha halijafungwa, kikionekana, rudia. Halafu jaribu kulivuta dirisha bila kubonyeza kitufe cha mpini. Angalia pia ukingo wa chini: waya wa hedseti, pembe ya ramani au kitambaa cha kuzuia jua kikibanwa hapo, mpini unaweza kukudanganya kwamba umefika mwisho. Ukaguzi huu ni wa kila rubani upande wake, na kabla ya kuanza kusogea, si mkiwa njiani kuelekea runwei.

Likifunguka mbioni, kinachoamua ni mwendo. Kwa utaratibu wa Boeing, chini ya noti 80 (karibu kilomita 148 kwa saa) dirisha la ubavuni kufunguka ni sababu ya kukatiza kuruka. Likifunguka baada ya hapo, limetoka kwenye orodha ya sababu: endelea kupaa. Runwei ya Mombasa yenye zaidi ya kilomita 3 inamshawishi mtu kushika breki, lakini breki za nguvu kwenye mwendo mkubwa zina hatari kuliko kelele.

Na kelele zitakuwepo, nyingi hata usimsikie mwenzako. Ndege yenyewe inaruka kama kawaida. Anayerusha aendelee kurusha, macho kwenye vipimo, na asiguse dirisha hata kama liko upande wake. Magurudumu na flapu za mbawa kwa utaratibu wa kila siku. Mkishafika urefu wa salama, punguzeni mwendo, mwambieni mwongoza ndege mapema kwamba hamsikii vizuri, ndipo asiyerusha ajaribu kulifunga. Likikataa, liacheni. Msipande juu ya futi 10,000, kwa sababu kabini haitashika presha, na rudini kutua. Kufika Nairobi kwa ukaidi, na kelele zile za saa nzima, hakuna faida.

Kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja ambayo ndiyo inayoonekana zaidi Manda na Malindi, hakuna presha ya kukusaidia; kufuli la kidirisha ndilo linaloshika peke yake. Aliye peke yake kwenye usukani asiinamie dirisha akiwa futi 300 juu ya bahari. Amalize kupanda, ainyooshe ndege, ndipo anyooshe mkono. Kwa mwanafunzi wa Cessna 172S jambo ni jepesi zaidi: dirisha lake linaruhusiwa kuwa wazi hadi noti 163, yaani hadi ukomo wa mwendo wa ndege yenyewe. Funga tu karatasi zako kwa klipu.

Mchanga na chumvi ya Pwani havina adabu na vyuma. Reli ya dirisha ifutwe kwa kitambaa kikavu, mara nyingi zaidi msimu wa kusi. Usipake grisi kwa kubahatisha. Ikishika mchanga inakuwa msasa. Mpini ukianza kuwa mzito, au dirisha likifunguka hata mara moja kisha likakubali kufungika, liandike kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege: upande gani, mwendo gani, mpini ulikuwa wapi. Fundi bila maelezo hayo atalifungua na kulifunga mara mbili, aone sawa, na kuondoka.