Somo: Kuhesabu seli hai na zilizokufa kwa tripani bluu

Kwa wenzangu wa maabara za Moshi na Arusha: hapa huhitaji mashine ya gharama. Hadubini, chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli) na rangi ya tripani bluu ya asilimia 0.4 vinatosha. Seli yenye utando mzima huizuia rangi. Utando ukishatoboka, rangi inaingia. Vaa glavu, rangi hii inashukiwa kusababisha saratani.

Osha seli kwanza, maana protini za seramu hunasa rangi na kukuchanganya. Zipandishe na kuzishusha taratibu kwa pipeti hadi mabonge yaachane, kisha changanya mikrolita 20 za seli na 20 za rangi. Gusisha ncha ya pipeti kwenye ukingo wa kioo cha kufunikia, mchanganyiko uingie wenyewe. Ukiusukuma, chemba inafurika na hesabu haifai tena.

Hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Kwa zilizolala mstarini, chukua za juu na kushoto, acha za chini na kulia. Iliyo hai inang'aa. Iliyokufa ni bluu hadi ndani, mara nyingi imevimba.

Tuseme hai ni 180, zilizokufa 20: uhai ni 90%. Wingi: 180 ÷ 4 = 45, mara 2 kwa sababu ya rangi, mara 10,000 kwa sababu mraba mmoja hubeba sehemu moja ya 10,000 ya mililita. Jibu ni seli hai 900,000 kwa mililita.

MASWALI

Mwanachama, Moshi: Shikamoo mwalimu. Nimerudia chemba ileile baada ya chai, uhai umeshuka sana. Kwa nini?

Jibu: Marahaba. Rangi yenyewe ni sumu, inaziua taratibu. Maliza ndani ya dakika 5, au changanya upya.

Mwanachama, Arusha: Nimejaribu dawa ya mitishamba. Tripani inaonyesha seli ni hai, kesho yake zimekufa!

Jibu: Seli inayojiua kwa mpangilio, yaani apoptosisi, hubaki na utando mzima mpaka karibu na mwisho. Kipimo cha aneksini V huinasa mapema. Kama hamna, hesabu tena baada ya saa 24 na 48.

Mwanachama huyohuyo: Je, MTT peke yake?

Jibu: MTT ni kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, kwa hiyo hupima seli inavyofanya kazi. Seli ikipunguza kasi tu, zambarau inafifia na wewe unaandika kifo. Tena dondoo nyingi za mimea huibadilisha MTT zenyewe, bila seli hata moja. Weka visima vya dondoo na MTT bila seli, kisha toa kiasi chake kwenye matokeo.